Kadari na Breki ya Mbele

Miongoni mwa maneno yanayosemwa kila siku katika vijiwe vya bodaboda vya Buzebazeba, na Mwanga, na Ujiji, na kila penye kivuli ambapo vijana hukaa juu ya pikipiki zao wakingoja abiria, hakuna lenye mamlaka kuliko lile lisemalo kwamba ajali haina kinga. Hulisema kijana anayesihiwa apunguze mwendo. Hulisema jirani aliyekwenda kumtazama majeruhi katika hospitali ya Maweni. Na hulisema, kwa sauti ya chini, watu waliokaa matangani mbele ya mzazi ambaye hakuna awezaye kumwambia neno jingine lolote. Hapo matangani neno hilo ni rehema, nami sina haja ya kulitia kasoro. Lakini neno la kumliwaza aliyefiwa si lazima liwe dalili ya kumwongoza aliye hai, na kwa hiyo nataka kuuliza, kwa taratibu na kwa insafu, swali hili: mtu anayeamini kwa dhati kwamba siku yake imekwisha andikwa, na kwamba ya abiria wake imekwisha andikwa vilevile, ana wajibu gani mbele ya Mola wake wa kujifunza kuipanda pikipiki vizuri kuliko anavyoipanda leo?

Wako wanaodhani kwamba swali hili ni la askari wa barabarani, au la walimu wa VETA, na kwamba dini haina nafasi ndani yake ila ile ya dua inayosomwa kabla ya kuondoka. Mimi naona kinyume chake. Kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo katika nguzo sita za imani ya Kiislamu, na katika mji kama Ujiji, mji wa misikiti na vyuo vya Kurani, itikadi hiyo haikai vitabuni tu, bali imo katika pumzi za watu. Wazee wetu waliishi nayo. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwa miguu, mwendo wa miezi, hata wakalifikia ziwa hili, walijua vyema kwamba homa na njaa na vita vya njiani haviko katika mamlaka yao. Hata hivyo hatujapata kusikia msafara ulioondoka bila kiongozi anayeijua njia, kwa hoja kwamba kufika na kutofika kumekwisha kadiriwa. Na hata leo, upepo wa kusini unapolichafua Ziwa Tanganyika katika miezi ya kiangazi, nahodha wa boti ya Kibirizi huyatazama maji, huyatazama mawingu, kisha huahirisha safari, na abiria waliokwisha kaa juu ya magunia yao hawamtuhumu kwamba imani yake imepungua, bali humwita mjuzi. Basi ni kitu gani kilichompa mpanda pikipiki kadari yake peke yake, isiyofanana na ya nahodha?

Jawabu ninaloliona ni kwamba pikipiki hujifanya nyepesi kujulikana. Nahodha hukaa miaka chini ya nahodha mwenzake kabla ya kukabidhiwa usukani, lakini kijana wa mjini aweza kufundishwa na sahibu yake asubuhi katika uwanja wa mpira, kwamba klachi ni hii na gia hupandishwa hivi, na jioni akawa barabarani na mama wa watu nyuma yake. Kazi ya bodaboda, ambayo serikali iliiwekea kanuni mwaka 2010, imelisha nyumba nyingi ambazo zisingelikuwa na mlo, nami siidharau hata kidogo. Ila wepesi wa kuianza umetufanya tudhani kwamba hakuna zaidi cha kujua, na mtu asipojua kwamba liko jambo la kujua, basi lile linalompata kwa ujinga wake huliita kadari, maana hana jina jingine la kuliita.

Na liko la kujua, tena ni ilimu pana. Chukua breki peke yake. Vijana wengi wameusiwa na waliowatangulia wasiiguse breki ya mbele, kwa kuwa, waambiwavyo, humrusha mtu juu ya usukani. Basi hutegemea mguu wa kulia na breki ya nyuma. Hakika yake ni kwamba chombo chochote kinapopunguza mwendo, uzito wake huhamia mbele: gurudumu la mbele hukandamizwa chini likaishika barabara kwa nguvu, ilhali la nyuma huwa jepesi, na likibanwa kupita kiasi huacha kuzunguka na kuanza kuteleza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama imo katika mkono wa kulia, kwa sharti kwamba mkono huo uongeze nguvu kidogo kidogo, usikurupuke. Maana anayeifumba breki ya mbele kwa ghafla juu ya mchanga, au katikati ya kona, huanguka kweli, na ndipo ulipozaliwa ule usia wa nusu. Kisha liko suala la mwendo. Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde, na ile ya kilomita 72 hukata 20; mtu huhitaji kadiri ya sekunde moja ili jicho lione hatari na mkono upate habari, kwa hiyo mwenye mwendo wa pili amekwisha kula mita 20 kabla breki haijaguswa, na tokea hapo umbali anaouhitaji ili asimame hauwi maradufu ya ule wa mwenziwe, bali huwa mara nne. Mtoto aliyeingia njiani mita 30 mbele hana habari ya hesabu hiyo, lakini uhai wake umo ndani yake: wa kwanza, breki zake zikiwa nzima na njia ikiwa kavu, husimama kabla ya kumfikia, wa pili humfikia angali na kasi yake karibu yote.

Wilbur Wright, yule fundi wa baiskeli wa Marekani aliyeruka angani pamoja na nduguye mwaka 1903, aliona kwamba wapanda baiskeli aliowauliza namna wanavyopinda kushoto hawakuweza kumweleza sawasawa mikono yao hufanya nini. Pikipiki ni vivyo hivyo. Ikiwa katika mwendo, anayetaka kuingia kona ya kushoto husukuma mbele upande wa kushoto wa usukani, nayo ikalalia kushoto na kupinda. Wengi hulifanya bila kulijua, na kwa kuwa hawalijui, siku ya fadhaa, lori linapotokeza mbele yao, mikono hukakamaa, macho huliganda lile lori, na pikipiki hufuata macho. Ndiyo maana mwalimu mzuri humzoeza mwanafunzi kutazama pale anapotaka kupita, wala si kile anachokiogopa, na mazoezi hayo ni magumu kuliko yanavyosikika, kwa sababu nafsi imeumbwa kukikodolea jicho kinachoitisha.

Fauka ya hayo iko ilimu ya mahali, ambayo hakuna kitabu kitakachomletea mtu wa Buzebazeba: kwamba mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni ya kuhadhariwa kuliko zile zinazoifuata, kwa kuwa hulainisha vumbi na mafuta yaliyolala juu ya lami kabla haijayaosha, kwamba udongo mwekundu ulioloa hauna msamaha kwa tairi kipara, kwamba mama aliyekaa upande, miguu yote kushoto na dumu la mawese mapajani, amekwisha kuibadili mizani ya chombo hata kabla hakijaondoka, na kwamba kuteremka mlima pikipiki ikiwa imetolewa katika gia, ili kubana mafuta, ni kuutupa msaada wa injini katika kuzuia mwendo na kuziachia breki pekee mzigo wote. Kuhusu mishikaki, yaani abiria wawili na watatu juu ya kiti kimoja, sina haja ya kurefusha.

Nilipata kusimama karibu na kijiwe kimoja cha hapa mvua ikiwa imekatika punde. Kijana mmoja aliondoka na mama wa makamo aliyekumbatia ndoo ya dagaa, naye mama akamwambia, "Mwanangu, taratibu, njia mbichi hii." Kijana akajibu kwa adabu kamili, bila jeuri yoyote, "Usihofu, mama, siku ikiwa haijafika hatuanguki." Hawakufika mbali. Mbuzi alikatisha, mguu wa kijana ukakandamiza, tairi la nyuma likajiburuta upande na kuchora upinde katika tope, nao wakalala chini pamoja na chombo chao, salama salimini, dagaa wakamwagika. Watu walikimbia kuwainua, wakaokota kilichookoteka, na kila mdomo ulisema alhamdulillahi, na wangu pia. Lakini niliutazama mkono wa kulia wa yule kijana alipokuwa angali ameushika usukani: vidole vyote vinne vilikuwa vimefumbata mkono wa mafuta, wala hapakuwa na hata kimoja kilichoigusa breki ya mbele. Imani ilikuwapo, na dua bila shaka ilikuwapo. Breki nayo ilikuwapo, neema iliyo katika kiganja cha mtu, ikakaa bila kutumiwa.

Mwaka 18 wa Hijra, yaani 639 Miladi, Khalifa Umar bin Al-Khattab alikuwa njiani kuelekea Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh majemadari wake walimpokea kwa habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na shauri likaishia kwamba arejee na watu wake. Abu Ubaida bin Al-Jarrah, ambaye hakuna Mwislamu anayeitilia shaka imani yake, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jawabu la Umar, kwa maana yake, lilikuwa kwamba naam, anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu; kisha akamtolea mfano wa mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye kingo mbili, moja ya majani mabichi na moja kame, ambaye akilisha huku au akilisha kule, kote amelisha kwa kadari. Abu Ubaida alifariki kwa tauni hiyohiyo, na daraja yake haikupungua. Lakini umma ulilihifadhi jawabu la Umar, nami sijaona lenye kulikidhi swali letu kuliko hilo. Tope ni kadari, na breki iliyobanwa kwa ustadi ni kadari. Anayejifunza hatoki katika mamlaka ya Mola wake hata kwa unywele mmoja. Amehama ukingo mmoja wa bonde kwenda wa pili. Na yule asemaye kwamba siku haijafika, kwa hiyo hapana haja ya kupunguza mwendo, amedai kuijua ghaibu, jambo ambalo si haki ya kiumbe, sembuse kuliweka rehani na roho ya abiria.

Sheria nayo imelizungumza jambo hili kwa uwazi unaotisha. Katika sura ya nne ya Kurani, aya ya 92, aliyemuua Muumini kwa makosa, pasipo kukusudia, hakuachwa aende zake kwa udhuru kwamba hakukusudia, wala kwa udhuru kwamba muda wa marehemu ulikuwa umefika: amelazimishwa kumwacha huru mtumwa na kuwalipa dia jamaa wa marehemu, ila wakisamehe, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo, iwe ni toba kwa Mwenyezi Mungu. Nauliza, toba ya nini, ikiwa mkono wa mtu hauna sehemu yoyote katika tukio? Imepokewa pia katika hadithi kwamba aliyejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, madhara yatokanayo ni dhamana yake. Mimi si mufti, na kufutu nawaachia wenyewe. Ila akili haihitaji safari ndefu ili ione kwamba aliyejitia udereva hali hakujifunza amekaa karibu sana na tabibu yule. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba ihsani imewajibishwa katika kila jambo, hata katika kuchinja, akaamrisha kisu kinolewe ili mnyama asiteswe. Ikiwa anayetoa roho ya mbuzi ameamrishwa kunoa, seuze anayeichukua roho ya binadamu ili aifikishe salama.

Ndugu zetu Wakristo, ambao ni wengi katika mkoa huu, wanayo hoja hiyohiyo mikononi mwao. Katika Injili ya Mathayo, Yesu alipotakiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwategemea malaika, alikataa, akaliona jambo hilo kuwa ni kumjaribu Bwana. Anayelipita lori katika kona asiyoiona mwisho wake, kwa kuwa alisali Jumapili, anasimama juu ya kinara kilekile.

Mwezi wa Mei 1935, Mwingereza T. E. Lawrence, yule aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki yake alipokuwa akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli, kichwa kikiwa wazi, akafa baada ya siku sita. Miongoni mwa matabibu waliomshughulikia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa kupasua ubongo, naye hakuridhika kusema kwamba yaliyokuwa yamekuwa. Alichunguza vifo vya wapanda pikipiki, akatangaza matokeo yake mwaka 1941, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuvaa helmeti. Uchunguzi uliokusanywa baadaye kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba helmeti humpunguzia aliyepata ajali hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Napenda msomaji azitazame hesabu hizo kwa pande zote mbili, kwa kuwa anayesema ajali haina kinga amekanushwa na hiyo 42, na anayedhani kwamba ujuzi na vifaa vimemwondolea Mungu kazi amekanushwa na kilichosalia. Uingereza ilipoifanya helmeti kuwa sheria kwa watu wote mwaka 1973, Makalasinga walidai haki ya vilemba vyao, ambavyo ni wajibu katika dini yao, na mwaka 1976 wakaruhusiwa. Sisi hatuna dai kama hilo. Baraghashia haikupata kuwa faradhi, na mtandio wa mama hukaa vizuri chini ya helmeti iliyo safi. Usafi huo, ambao akina mama hulalamikia ukosefu wake kwa haki, ni kazi ya mwenye helmeti.

Hapa mtu wa insafu atanipinga, na upinzani wake una nguvu: je, wajuzi hawafi? Wanakufa. Katika kisiwa cha Man, mashindano ya pikipiki yaliyoanza mwaka 1907, na ambayo kwa miaka mingi yamekimbizwa katika njia ya milimani yenye urefu wa zaidi ya kilomita 60, yamekwisha chukua roho za watu zaidi ya 250, na aghalabu yao walikuwa mafundi wa kupindukia. Na katika nchi ya Norwei, madereva vijana walipofundishwa namna ya kulimudu gari juu ya njia ya utelezi, ajali za wanaume miongoni mwao katika njia hizo ziliongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa walitoka darasani na kiburi kikubwa kuliko ustadi. Jambo hili nalishika kwa mikono miwili. Liko fungu la maarifa linalomwambia mtu kwamba aweza kwenda kasi zaidi, nalo mahali pake ni uwanja uliofungwa, wenye njia ya upande mmoja, usio na mbuzi wala watoto wa shule. Na liko fungu linalomwonyesha mtu jinsi kiasi anachokimudu kilivyo kidogo, nalo ndilo la barabara. Wanavyuoni waliposema kwamba mja huishi baina ya khofu na matumaini, walikuwa wakisema juu ya nafsi na Mola wake, lakini sijui wasifu ulio bora kuliko huo kwa mtu aliyeshika usukani na abiria nyuma: mwenye matumaini pekee hukimbia, na mwenye khofu pekee hukakamaa katika kona.

Wala si haki kumtwisha kijana mzigo wote. Wengi hawapandi pikipiki zao. Wanapanda za matajiri, na kila jioni hesabu hutakiwa, mvua inyeshe isinyeshe. Kijana husema kwamba njaa ni dharura, na dharura huhalalisha kilichokatazwa. Kanuni hiyo ya mafakihi ni sahihi, ila ina ndugu yake isemayo kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake, na njaa ya nyumba moja haiondolewi kwa kuifanya nyumba nyingine kuwa ya mayatima. Lakini tajiri anayedai hesabu yake timilifu, ilhali breki shuu zimelika hadi chuma na anajua, ana fungu katika dhamana hiyo. Na abiria anayemgongagonga kijana begani, "Wahi, wahi, boti inaondoka," ana fungu pia, hata kama siku ya matanga atakuwa wa kwanza kuitaja kadari.

Ningependa kuona, kabla mvua za mwaka hazijaanza, maimamu na mapadri wakikaa pamoja na wakuu wa vijiwe na kutenga uwanja mmoja mpana, ambako mwanafunzi atafungiwa gunia la mchanga nyuma ya kiti badala ya abiria, na mstari wa chokaa utapigwa chini. Aujie mstari huo kwa kilomita 20 kwa saa na kusimama kwa breki ya nyuma peke yake, na hatua zipimwe. Aujie tena kwa zote mbili, mkono ukibana taratibu, na hatua zipimwe tena mbele ya macho yake mwenyewe. Kisha aongezewe mwendo hadi 40, na ardhi imwagiwe maji. Waalimu wapo: ni wale waliokaa miaka mingi katika kazi hii na viungo vyao vyote wangali navyo. Na matajiri waitwe waje siku hiyo na breki shuu mpya, kwa gharama yao, na hesabu ya siku hiyo wasiidai.